Kila Nusu Saa

Jumatano, 29 Machi

Zimebaki siku mbili. Naandika humu kwa sababu daftari limebaki jeupe na hakuna wa kulitumia. Ni daftari la vipimo, kila ukurasa una safu nne: Saa, Kina, Presha, Maoni. Kuanzia Jumatatu kituo cha pampu kinahamia kwenye skrini. Skrini inasoma yenyewe kina cha maji kwenye tangi, inaandika yenyewe, haiombi ruhusa, haiumwi bega. Sina neno. Bega langu la kushoto limekwisha na umri umefika – sitini kamili. Yote yako kwenye barua ya kustaafu.

Leo nimemfundisha kazi yangu dada atakayeiangalia skrini. Kila nusu saa unasoma geji ya kina, unasoma geji ya presha, unaandika, unatia sahihi. Ndiyo hivyo tu, mzee? Ndiyo hivyo tu. Miaka thelathini na mitatu imeelezeka kwa dakika moja! Ana adabu. Alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za vita vya zamani.

Ikafika saa nne na nusu. Nikasoma, nikaandika, nikashika mikono ya kiti changu cha magurudumu, nikajiinua, nikahesabu hadi sitini, nikajishusha. Dada akashtuka. Fundi mkuu alikuwa mlangoni, akacheka – usiogope, huyo ndiye Nusu Saa, kila akimaliza kuandika lazima aipigie geji saluti. Nami nikacheka. Nimeizoea saluti hiyo hata sikumbuki nilianza vipi.

Ijumaa, 31 Machi

Basi tena. Nimemaliza.

Hotuba tatu. Moja ilikuwa nzuri, ya fundi mkuu, kwa sababu alisahau karatasi na ikabidi aseme ya moyoni. Alikumbusha nilivyoanguka kutoka ngazi ya tangi miaka kumi na minne iliyopita, na jinsi nilivyorudi baada ya miezi minane wakati kila mtu alishanizika. Uti wa mgongo uliumia usawa wa kitovu. Chini ya hapo hata unichome sindano sina habari. Wenzangu ndio walioamua nikae chumba cha geji. Walipanua mlango, wakamwaga zege la mteremko kwa mikono yao, Jumamosi moja, na bado lina alama ya kiatu cha mtu. Nimepita juu ya kiatu hicho kila siku ya kazi.

Halafu zawadi. Wakaleta kitu kikubwa kimefunikwa shuka. Wakafunua – kiti! Sofa ya mtu mmoja, rangi ya kahawia, ya kuzama, mikono minene kama mito. Mtu amekaa miaka kumi na minne, wanamzawadia kiti! Kisha nikaanza kucheka mimi, wakacheka wote, fundi mkuu akafuta machozi, sijui ya kicheko au ya nini.

Saa tisa na nusu nilisoma geji mara ya mwisho. Kina mita nne nukta moja. Presha ya kawaida. Maoni: hakuna. Sahihi. Saluti. Nilihesabu hadi sitini na bega likaniuma sana, nikaongeza kumi za kuaga.

Jumamosi, 1 Aprili

Kiti kimeingia sebuleni kwa kubinuliwa. Kimewekwa karibu na dirisha, mkabala na cherehani ya mama watoto. Akakizunguka, akasema kinakula nafasi ya wateja wake wawili. Kisha akasema, haya, kaa tukuone.

Ubao wa kuhamia kutoka kiti hadi kiti, yeye akinishika kwapa – nikaingia. Jamani! Nimezama! Mto wangu wa hewa, ule wa hospitali, haukuenea, kiti ni chembamba ndani. Nikamwambia auache, hiki chenyewe ni mto mtupu.

Kiti cha magurudumu akakisogeza nyuma ya mlango. Nikajiona kwenye kioo cha kabati. Mzee amekaa kwenye sofa nyumbani kwake. Hakuna kingine kinachoonekana. Nilijitazama mpaka nikaona haya.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimeamka saa mbili. Mtu mzima, Jumatatu, saa mbili!

Kila asubuhi tangu nianguke, kabla sijavaa, mama watoto hunigeuza upande na kunikagua nyuma kwa mkono na kwa kioo cha mpini, kama ngozi imebadilika. Leo akaja na kioo chake. Nikamwambia akiweke. Zamani nilikuwa naenda kukaa kazini kutwa, sasa nakaa kwenye mto mtupu, unakagua nini? Mimi si gari la abiria. Akasema nesi alisema kila siku. Nikasema nesi alisema hayo miaka kumi na minne iliyopita. Akanitazama. Ana kazi ya sare za shule, mafungu matatu, hakuwa na muda wa kubishana. Akakirudisha kioo kwenye ndoano.

Saa nne na nusu niliangalia ukuta. Hakuna geji. Kuna picha yetu ya harusi.

Alhamisi, 6 Aprili

Mteja mpya amekuja kupimwa gauni. Akanisalimia shikamoo, akanipa mkono, tukazungumza bei ya vitambaa na wakwe zake. Hakuinamisha kichwa upande. Hakuongea nami polepole. Hakumuuliza mama watoto kama nimeshakula. Alipoondoka akasema, "Kwa heri baba, usisimame, utaniaibisha bure."

Usisimame! Sikusimama.

Siku nzima nimefurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najua ni ujinga.

Jumatano, 12 Aprili

Tumegombana juu ya bomba la jikoni. Nilimwambia linakohoa, yaani kituoni presha imeshuka na wameiwasha pampu ya pili kwa kuchelewa. Akasema linakohoa tangu tulipohamia. Nikasema alifungue nusu, anapoteza maji. Akaja mpaka mbele yangu na mikono yenye povu. "Baba, hapa si kituoni. Hapa mimi ndiye fundi mkuu."

Ana haki. Miaka yote nyumba ilikuwa yake kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Redio yake, cherehani yake, wateja wanaovua nguo bila kuuliza nani yuko nyuma ya pazia. Sasa kuna mzee dirishani anayehesabu ndoo.

Nafanya nini kutwa? Nakaa. Nikishawekwa humu saa tatu, sitoki mpaka jioni. Kujihamisha ni shughuli, na bega ndilo hili. Mikono ya kiti ni laini, ukiishika inabonyea tu, huwezi hata kujisogeza. Nasinzia. Naamka, saa imeenda dakika kumi. Kazini siku ilikuwa na vipande kumi na saba. Hapa ni kipande kimoja, kirefu, hakina pa kushika.

Jumanne, 18 Aprili

Homa. Miguu inajirusharusha yenyewe, jambo ambalo halijanipata kwa miaka. Jasho la kichwa. Mama watoto anasema twende zahanati. Nimesema ni mafua.

Kuna harufu sebuleni. Nimemwambia ni vile vitambaa vya bei rahisi, vina dawa. Amevinusa kimoja kimoja.

Alhamisi, 20 Aprili

Haikuwa vitambaa.

Ijumaa, 21 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Niandike sasa.

Jana jioni alikuwa akinihamisha kutoka kwenye kiti cha zawadi, akaona doa kwenye kiti. Kubwa kama kiganja. Hakupiga kelele. Alinilaza, akanivua, akakitoa kioo kwenye ndoano, akaangalia, kisha akaketi chini sakafuni. Nikamuuliza kuna nini. Akaniuliza kama nasikia anapogusa. Sisikii, unajua sisikii. Akasema, kidole kinaingia.

Nesi amekuja leo nyumbani. Mwanamke mfupi, mikono ya haraka, hana maneno ya kupamba. Kidonda cha kukalia, chini ya kalio la kulia. Juu ni tundu la sarafu, ndani ni kikombe. Mfupa hauko mbali. Akauliza nimewahi kupata kingine. Sijawahi, hata kimoja, miaka kumi na minne. Akashangaa. Kazini ulikuwa unajiinua kila baada ya muda gani?

Nikasema mimi sijiinui. Nilikuwa nasoma geji.

Mama watoto akanigeukia. "Baba. Saluti."

Yote yalirudi. Yule mwalimu wa mazoezi hospitalini, sharubu, sauti ya ukali – kila nusu saa ujiinue, damu ipite, ukisahau utaoza ukiwa hai. Nami nikamjibu nimepata dawa, kila nusu saa nitakuwa nasoma geji, nikiandika najiinua. Mwaka wa kwanza nilijua ninachokifanya. Wa pili nilikijua kidogo. Baadaye ikawa ni sehemu ya kazi, kama kutia sahihi. Wakaiita saluti, nami nikaiita saluti. Nilipokabidhi ofisi nilikabidhi na hiyo! Nilimfundisha hata yule dada kwamba kazi ni kusoma, kuandika na kutia sahihi, ndiyo hivyo tu.

Siku ishirini tu. Siku ishirini ndani ya mto mtupu, nikijiangalia kwenye kioo cha kabati.

Jumamosi, 22 Aprili

Kifudifudi. Mto chini ya kifua, mwingine chini ya miguu. Kutwa. Nesi anasema wiki nyingi, hakutaja ngapi.

Nimeandika mistari mitatu na shingo imechoka.

Kiti cha zawadi kimetolewa. Mama watoto alikisukuma peke yake mpaka uani, nilikuwa nasikia kinavyokwaruza sakafu. Anasema jua litakausha. Kikishakauka sijui tutakifanyia nini, maana kumpa mtu siwezi.

Alhamisi, 27 Aprili

Fundi mkuu amepiga simu. Vipi Nusu Saa, unakula maisha? Nikasema nakula. Kiti kinasemaje? Nikasema kiti ni kizuri mno, sitaki kutoka. Nilikuwa nimelala uso kwenye shuka, nikanyanyua kidevu ili sauti isibanwe. Akauliza, mbona kama uko ndani ya pipa? Nikamwambia niko uani, kuna upepo.

Nitamwambia nini? Kwamba zawadi yao imenitoboa? Yule mtu alilia.

Mama watoto alisikia yote. Akaendelea kukanyaga cherehani.

Jumatano, 3 Mei

Nesi ameleta amri mpya. Nikiwa hivi hivi kifudifudi, kila nusu saa nijiinue kwa viwiko, kifua kiache kitanda, nihesabu thelathini, ili mikono isife na yenyewe. Simu ya mama watoto imewekwa kengele. Mlio wa jogoo! Kila nusu saa jogoo anawika chumbani, na akiwika, cherehani sebuleni inasimama. Anasikiliza kama kitanda kitalia.

Leo nilijiinua mara tatu. Zilizobaki nilitikisa kitanda kwa mkono, kikalia vizuri tu.

Sina sababu. Ukiniuliza sina. Kule nilikuwa najiinua, halafu mji mzima unakunywa maji. Najua si hivyo, maji hayakuwa yakipanda kwa sababu yangu. Lakini nilikuwa najiinua mbele ya kitu. Hapa najiinua mbele ya ubao wa kitanda.

Jumanne, 9 Mei

Mama watoto ameingia jogoo alipowika. Akasimama mlangoni. Nikatikisa kitanda. Akasema, "Miaka yote hii nimekuona mkaidi. Mwongo ndiyo leo." Akatoka. Hakusema lingine mpaka wakati wa kunisafisha.

Nimejiinua mara tano baada ya hapo. Kwa hasira, lakini nimejiinua.

Jumatatu, 15 Mei

Hospitali. Nimepelekwa nimelala tumbo nyuma ya gari, natazama mazulia ya gari. Nilikitambua kituo cha pampu tulipokipita, kwa mtikisiko tu. Barabara ina bomba linalovuka pale, wamelifukia vibaya tangu zamani.

Daktari ni kijana mpole. Nilitamani angekuwa mkali. Picha imeonyesha kivuli kwenye mfupa. Huenda umeshaingiliwa, huenda bado. Dawa wiki sita, na katika wiki sita nisikae hata kidogo. Hata saa moja, daktari? Hata saa moja, mzee, saa moja inaturudisha mwanzo, na safari hii mwanzo ni upasuaji, na mfupa ukikatwa hapo huna tena cha kukalia. Na kikipona? Kikipona utakaa saa moja asubuhi, saa moja jioni. Akaona uso wangu, akaongeza, labda mbili.

Saa mbili kwa siku! Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kukaa!

Nilimuuliza hizo nyingine nitazifanyia nini. Alidhani natania, akacheka kidogo.

Alhamisi, 18 Mei

Maoni: hakuna.

Jumanne, 23 Mei

Leo niseme, maana hapa hakuna anayesoma. Sitaki tena. Sisemi nataka kufa, kufa kuna shughuli zake. Nasema sitaki asubuhi. Jua likiingia kwa pazia na jogoo wa simu akianza, moyo unazama kabisa. Nimeshaujua kila ufa wa sakafu hii. Kuna mmoja unaokwenda mpaka mguu wa kabati na kurudi.

Nilidhani nikistaafu nitakuwa mzee fulani. Nilimwona vizuri kwenye kioo, na kiti chake cha kahawia. Alidumu siku ishirini.

Nimemwambia mama watoto kwamba ananihudumia kama mtoto mchanga na hatavuna chochote, mtoto mchanga angalau anakua. Nilitaka aniambie nyamaza. Hakusema nyamaza. Alirudi sebuleni, akaanza kushona, cherehani ikaenda kidogo ikasimama, ikaenda ikasimama. Analia. Nilitaka kumwita na sikumwita.

Nesi amebadilisha shashi. Anasema tundu limepungua upana wa uzi. Kwa mkono wake alionyesha, upana wa uzi. Wiki nne!

Jumatano, 24 Mei

Saa tatu kasoro simu. Fundi mkuu, sauti ya juu juu. Skrini imeganda. Tangu jana inaonyesha mita nne nukta moja, nne nukta moja, na tangi linakaribia kukauka. Geji za zamani bado ziko ukutani, lakini zimeshika kutu kidogo, sindano inarukaruka, na dada hajui kuisoma sindano inayoruka. Hakuna aliyewahi kujua ila mimi, unaigonga pembeni kwa kidole mara mbili na kusoma inapotulia mara ya pili, siyo ya kwanza. Akaendelea, Nusu Saa, tunakuomba. Siku mbili tu, mpaka fundi wa skrini afike. Dada atakaa pembeni yako ajifunze. Naleta gari sasa hivi, kiti chako kinaingia nyuma.

Nikasema ndiyo.

Sikufikiri. Ndiyo ilitoka kabla hajamaliza. Nilimweleza habari ya kugonga kwa kidole, ningeweza kuishia hapo, dada angejaribu akapata. Badala yake nikasema njoo unichukue. Nikasema na suruali yangu ya kazi iko tayari! Fundi mkuu akasema Mungu akubariki.

Mama watoto alikuwa mlangoni na beseni.

Nimemwambia anivalishe. Nimemwambia nusu siku tu, nitalala upande garini, nitajiinua kila nusu saa, tena kule sisahau, kule ndiko pekee nisikosahau. Nimemwambia mji utakosa maji. Amesema mji una watu wazima. Nimemwambia wewe hujui kuhitajiwa kukoje. Hilo nisingelisema. Alikuwa ameshika shashi yenye uchafu wangu.

Ameweka beseni chini, ameenda nyuma ya mlango, ameleta kiti changu cha magurudumu mpaka kando ya kitanda. Moyo wangu ukaruka! Nikashika ukingo wa kitanda nianze kujigeuza.

Amekaa yeye.

Amekaa kwenye kiti changu, ametia breki zote mbili, kushoto kisha kulia, mikono juu ya mikono ya kiti. Ananitazama. Nimemwambia toka. Nimemwambia tafadhali. Nimemwita jina nililokuwa nikimwita kabla hatujaoana. Hatoki.

Naandika ili nisipige kelele. Kalamu inatoboa karatasi.

Gari limefika. Honi moja, fupi. Anasikia, nasikia. Fundi mkuu hataingia bila kukaribishwa, ndivyo alivyo, atakaa pale getini na honi yake ya adabu. Nikiita kwa nguvu atasikia, dirisha liko wazi. Akija na mwenzake watanibeba na mama watoto hataweza kuwazuia. Wakija pia watakiona kidonda, na watauliza kimetoka wapi.

Honi ya pili.

Saa tatu na nusu. Jogoo amewika, simu iko mfukoni mwake. Hakuizima. Amenitazama, akashika mikono ya kiti, akajiinua. Yeye! Mama watoto, na magoti yake mazima! Miguu ameinyoosha mbele haigusi chini, uzito wote uko mikononi, kama nifanyavyo mimi. Kumbe alikuwa anaangalia miaka yote hiyo, kila aliponiletea chakula kituoni. Anahesabu kwa sauti. Kumi na moja, kumi na mbili. Mishipa ya shingo imemtoka. Anafikiri nitahesabu naye. Ishirini. Mikono inamtetemeka, hajazoea, atashuka sasa hivi. Hajashuka. Ishirini na tisa. Honi tena, ndefu safari hii, na fundi mkuu anaita jina langu, lile la kazini. Thelathini na nne. Machozi yanamtoka na hawezi kuyafuta, akiachia mkono ataanguka. Thelathini na nane